Kitako cha Gobori la Chifu

Harufu ya masizi ya koroboi ikinipiga puani, hata leo nikiwa mtu mzima mwenye karakana yangu na diploma ukutani, nyuma yake nasikia watu wakicheka. Wanacheka polepole, kama watu walio kwenye foleni ya maji wasio na haraka ya kwenda popote. "Mtoto wa mchonga mizinga," wanasema, "tangu lini akaona mstari ulionyooka? Huyu atachonga mwiko. Na huo mwiko wenyewe utapinda."

Waliosema hivyo walikuwa wengi, na wa kwanza wao alikuwa baba yangu mdogo, M'Mwirichia. Simtaji kwa chuki. Namtaja ili mjue nilikotoka, kwa sababu siku hizi mtu akiona kabati nililotengeneza, hufikiri nilizaliwa na randa mkononi. Randa ya kwanza kuishika niliiazima, na ubao wa kwanza niliochonga niliuharibu mbele ya macho ya watu. Mengine yote niliyatafuta kwa mikono hii miwili.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na kwetu ni Meru, upande wa juu, pale msitu unapokutana na mashamba ya viazi na kunde. Serikali ilikuwa imetuhamisha kutoka kwenye mashamba yetu na kutukusanya katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, nyumba zikiwa zimebanana kama meno. Nyumba zetu za zamani tulizibomoa wenyewe, tukabeba tulichoweza. Wengine walibeba vinu, wengine mawe ya kusagia. Mama yangu, ambaye baba alikuwa amemwacha mjane miaka miwili kabla, alibeba mbao za kitanda chake na mlango.

Mlango huo ulikuwa ubao mmoja mpana wa muuru, ule mti wetu wa Meru wenye mbao za rangi ya asali ya zamani. Baba aliupasua kabla sijazaliwa. Lakini baba hakuwa seremala, alikuwa mchonga mizinga ya nyuki, na mizinga yake ilijulikana hadi Kianjai. Alipofariki aliniachia tezo moja na ujuzi wa kuchimba gogo hadi liwe bomba. Huo ndio urithi niliokuwa nao, na kila mtu kijijini aliuona kuwa mdogo.

Sasa, chifu wetu alikuwa na gobori. Ile ni bunduki ya zamani ambayo baruti na risasi huingizwa mdomoni, halafu unashindilia kwa fimbo ndefu iitwayo mdeki. Serikali ilimruhusu kuwa nalo ili atishe tembo waliokuja kula mahindi yetu. Lakini homgadi mmoja, yaani mlinzi wa kijiji, alikutana na nyoka njiani, akashika gobori upande wa mdomo wake na kupiga kama anayetwanga. Nyoka alikwepa. Gobori likagonga jiwe na kitako kikapasuka vipande vitatu. Kitako chenyewe si kile cha begani tu. Ni mti wote unaobeba bunduki, kuanzia begani hadi kule mkono wa kushoto unakoshika, na bila huo mti ulichobaki nacho ni bomba la chuma.

Chifu alihangaika sana. Mzungu mkaguzi wa silaha alikuwa anakuja baada ya majuma matano, na bunduki mbovu ingechukuliwa isirudi. Seremala wa mjini alipoona kasiba, lile bomba la chuma, alifunga duka kabla ya salamu kuisha. Hakuna aliyetaka kuonekana akichonga kitu cha bunduki. Watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na serikali, walikuwa wakijitengenezea bunduki zao kwa mbao na mabomba, na aliyekamatwa akifanya kazi hiyo hakurudi nyumbani kula chakula cha jioni. Kwa hiyo chifu alisimama kwenye baraza akatangaza kwamba atakayetengeneza kitako ataje anachotaka, naye ataona.

Mimi nilijua ninachotaka. Kulikuwa na shule ya ufundi upande wa Embu, na mwalimu wetu alikuwa amesema wangeweza kunipokea. Lakini hakuna kijana aliyeweza kuvuka mto Thuci kuingia Embu bila pasi na barua ya chifu, na chifu hakuandikia barua watoto wa wajane. Nilisimama kwenye baraza lile, kaptula imetoboka, nikasema, "Mzee, mimi nitachonga. Nataka barua ya kwenda Embu."

Hapo ndipo kile kicheko kilipoanza.

Chifu hakucheka. Hakuwa na mtu mwingine. Alitoa masharti: mtambo wa bunduki, ile sehemu inayowasha baruti, ungebaki ofisini kwake, na kasiba ingeletwa nyumbani kwetu kila asubuhi na kurudishwa kabla ya kafyu, ikilindwa na homgadi. Homgadi aliyechaguliwa alikuwa M'Mwirichia, baba yangu mdogo. Alikuja na kigoda chake, akakaa, akaweka kasiba mapajani kama mtoto mchanga, akasema, "Haya, fundi. Nionyeshe mwiko."

Nilianza kuazima. Kwa Isaka, mzee wa kanisa aliyetengeneza mabenchi, niliazima randa na msumeno, na akanikopesha pia ubao mzuri wa muuru uliobaki kwenye benchi. Kwa Mzee Hamisi, mfanyabiashara Mwislamu wa pale mjini Meru, niliazima patasi na bobari, yaani patasi yenye mdomo wa mviringo. Babu yake Mzee Hamisi alikuja na misafara ya pembe, na gobori alilijua kama mimi nilivyojua mzinga. Alinichorea umbo lake kwa makaa nyuma ya katoni ya sabuni.

"Sikiliza, mwanangu," aliniambia. "Mti na chuma visiachane hata unywele upite. Kukiwa na nafasi, baruti ikiwaka, chuma kinarudi nyuma na kupasua mti, na meno ya mpigaji yanafuata. Paka kasiba masizi ya koroboi. Ilaze ndani ya mti, ibonyeze, itoe. Pale palipoingia weusi ndipo pamezidi. Paondoe kidogo, kidogo kama unachokoa sikio la mtoto. Rudia."

"Mara ngapi, mzee?"

"Mpaka weusi uenee kote sawasawa. Ukihesabu utakata tamaa."

Nilishukuru, nikarudi mbio nikiwa na akili yangu mwenyewe. Akili hiyo ndiyo iliyoniponza. Mchonga mizinga hachongi mti mkavu. Gogo la mzinga hulizamisha mtoni siku kadhaa ili tezo iingie kama kisu kwenye ndizi na gogo lisipasuke. Baba alifanya hivyo, na babu alifanya hivyo. Basi nami nikauchukua ubao wa Isaka, uliokaushwa vizuri na mtu mwenye akili, nikaufunga kamba na kuuzamisha mtoni chini ya mawe kwa siku tatu.

Ulilainika ajabu. Bobari iliteleza. Nilichimba mfereji wa kasiba kwa siku nne tu, nikipaka masizi, nikibonyeza, nikitoa, mpaka kasiba ililala ndani kama ndizi ndani ya ganda. M'Mwirichia aliacha kucheka. Alipitisha kidole kwenye ukingo. Mimi nilizunguka kijiji kizima kifua mbele. Kisha nikauweka mti juu ya dari ya moshi, pale mama alipokausha kuni, ili ukauke.

Siku ya tatu niliushusha. Ulikuwa umejikunja kama pembe ya nyati. Mfereji ulikuwa umebana upande mmoja na kufumbua mdomo upande mwingine, na kwenye kitako kulikuwa na ufa wa kuingiza kidole.

M'Mwirichia aliugeuza juu na chini. "Nimekosea," alisema. "Huu si mwiko. Mwiko una kazi."

Aliupeleka kwenye foleni ya maji akauonyesha watu wote. Jirani yetu, mama Kathure, ambaye mlango wake ulitazamana na wetu, alicheka mpaka akamwaga maji yake ikabidi arudi mwisho wa foleni. Mimi niliingia ndani nikajifunika blanketi. Majuma mawili yalikuwa yamepita. Ubao wa Isaka nilikuwa nimeuharibu, na mwingine haungepatikana, kwa sababu msitu ulifungwa na wapasuaji wa mbao walikuwa wamefukuzwa. Niliiona Embu ikienda zake, mto na shule pamoja.

Mama aliingia, akasimama juu yangu. Hakunibembeleza. Mama yangu hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Ubao wa namna gani unafaa?" aliuliza.

"Mkavu kabisa, mama. Uliokauka miaka."

"Ule uliokaa kwenye moshi miaka kumi na mitano?"

Nilitoa kichwa nje ya blanketi. Alikuwa amekwisha kuuinua mlango kutoka mahali pake, ameuegemeza ukutani, na mwanga wote wa kijiji ulikuwa umeingia ndani pamoja na kuku wawili wa mama Kathure.

"Nakukopesha," alisema. "Sikupi. Utanirudishia mlango. Na utafanyia kazi pale mlangoni, kwenye mwanga. Sitaki kukuona ukichonga kitu hicho mahali pengine."

"Na usiku je?"

"Usiku nitatundika gunia. Asubuhi nitalitoa."

Basi nilikaa mlangoni. Ubao ule ulikuwa mgumu kama moyo wa karani. Bobari ya Mzee Hamisi iliuma kidogo, ikalia, ikaomba kunolewa. Lakini kila nilichokata kilibaki kama nilivyokikata, leo na kesho. Nilichora umbo kwa makaa, nikakata kwa msumeno wa Isaka, nikaanza mfereji upya. Paka masizi, laza, bonyeza, toa, chokoa. Nilikuwa mweusi hadi kwenye kope. Nikila uji, nilikula masizi. Nikipiga chafya, kuku walikimbia.

Kwa kuwa hapakuwa na mlango, kila aliyepita alisimama. Wanawake waliotoka kwenye kazi ya lazima ya kuchimba handaki walitua majembe wakaniambia pale mti ulipopinda. Watoto waligombania maranda. Mama Kathure alilalamika kila siku kwamba vumbi langu linaingia kwenye maharagwe yake, kisha akaja kuketi karibu ili alalamike vizuri zaidi. Na M'Mwirichia, kutoka kigoda chake, alitangaza habari kama mtu wa redio: "Leo fundi amejikata kidole gumba. Leo fundi amekata kushoto alipotakiwa kukata kulia." Siku moja, hata hivyo, aliona nikihangaika kulainisha shimo la mdeki, akachomoa kutoka mfukoni tupa ndogo aliyonolea panga lake. "Nakuazima," alisema. "Kelele zako zimenichosha."

Kazi iliyonitisha kuliko zote ilikuwa kumpima chifu. Kitako hutakiwa kulingana na mkono wa mwenye bunduki, na chifu wetu, pamoja na ukubwa wake wote wa cheo, alikuwa na mikono mifupi. Kitako cha zamani kilikuwa kirefu kwake. Ndiyo maana tembo wetu walizeeka kwa amani. Nilikwenda ofisini kwake na uzi wa mgomba nikamwomba akunje mkono. Alikunja. Nilipima kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kidole.

"Vipi?" aliuliza. "Ni mrefu?"

"Ni mkono wa chifu, mzee," nilisema.

Akaridhika. Nilirudi nyumbani nikakata kitako kifupi kwa upana wa vidole vitatu, sikumwambia mtu yeyote.

Mwisho nilisugua kwa yale majani makavu yenye kukwaruza ambayo wachonga vinu hutumia, kisha nikapaka mafuta ya mbarika yaliyoyeyushwa pamoja na nta. Nta niliitoa kwenye mzinga wa mwisho wa baba. Hapo seremala wa mjini asingenifikia. Ubao ulipokunywa yale mafuta, rangi yake iliamka, mistari ikajitokeza kama maji yanayotembea. Chifu alipofunga mtambo na kuinua gobori begani, lilikaa. Alilishusha, akaliinua tena. Aliliinua mara sita, na kila mara alionekana mrefu zaidi.

Siku ya ukaguzi tulipangwa uwanjani, kijiji kizima. Mzungu mkaguzi alikagua mikuki, akakagua bunduki mbili za homgadi, akafika kwa gobori. Aliligeuza. Alipitisha ukucha mahali mti unapokutana na chuma na ukucha haukuingia. Nilijua hautaingia. Nilitabasamu.

"Nani natengeneza hii?" aliuliza.

Chifu alininyooshea mkono, kwa fahari. Nilipiga hatua mbele, kwa fahari zaidi.

Mzungu hakutabasamu. "Huyu toto? Kama yeye weza tengeneza moja, yeye weza tengeneza mia." Alitazama kule msituni. "Yeye natengenezea wapi? Natengenezea nani ingine?"

Chifu alitazama viatu vyake. Askari wawili walikuja wakasimama kushoto na kulia kwangu, na tabasamu langu likabaki usoni bila mwenyewe, maana nilikuwa bado sijaelewa.

"Afande, mimi nilikuwepo," alisema M'Mwirichia. Sauti yake haikuwa ile ya redio. "Kila siku. Kasiba niliileta mimi na kuirudisha mimi."

"Wewe nani kwa yeye?"

"Baba yake mdogo."

"Ah," alisema mzungu. "Baba."

Ndipo mama Kathure alipotoka kwenye mstari bila kuitwa, mikono kiunoni. "Mimi si mama yake wala shangazi yake!" alisema. "Mimi ni jirani, na nimekula vumbi la mtoto huyu majuma matatu! Mti wa kwanza ulipinda. Aliuloweka mtoni, huyu mjinga! Nani anayetengenezea watu wa msituni bunduki kama ile? Wangempiga nayo!"

Mtu alicheka. Mwingine akasema, "Mti wa pili aliuanza Jumatatu, pale pale mlangoni." "Jumatano alikata kidole." "Si Jumatano, Alhamisi, tulikuwa tumetoka handakini!" Wakaanza kubishana, kijiji kizima, kuhusu siku niliyojikata, na patasi iliyoanguka, na kuku aliyekimbia na kamba ya kupimia. Mkalimani wa mzungu, aliyekuwa akimgeuzia maneno yetu, aliacha kutafsiri. Kila saa yangu ya mchana ilikuwa na mtu aliyeniona. Mzungu alisikiliza, akatazama kidole changu gumba chenye kitambaa, na mwishowe akamrudishia chifu gobori. Askari waliondoka pembeni yangu.

Barua niliipata Ijumaa. Ilikuwa na mihuri miwili, mmoja umepigwa juu chini.

Kabla ya kuondoka nilizunguka kuwalipa walionikopesha. Randa na msumeno wa Isaka nilivirudisha vimepakwa mafuta, na kufidia ubao wake nilikuwa nimerekebisha mabenchi sita ya kanisa yaliyokuwa yakibana watu nguo. Bobari na patasi nilizinoa mpaka zikanyoa nywele za mkono, nikazipeleka kwa Mzee Hamisi pamoja na kibuyu cha asali. Tupa nilimrudishia M'Mwirichia ikiwa imetiwa mpini wa mzeituni. Aliugeuza huku na huku. "Umenyooka," alisema, kama anayetoa taarifa ya msiba.

Alibaki mkopeshaji mmoja, na huyo alisubiri sana. Nilivuka Thuci, nikamaliza shule ya Embu nikiwa wa kwanza darasani, nikafanya kazi Nairobi, nikapata nafasi ng'ambo ambako nilikula viazi visivyo na chumvi miaka minne, na nikarudi na diploma ambayo wakati huo hakuna mtu mwingine wa tarafa yetu aliyekuwa nayo. Watu walikuwa wamekwisha kurudi kwenye mashamba yao. Mama alijenga pale pale pa zamani, na mlango wake ulikuwa wa madebe yaliyofumuliwa.

Nilimtengenezea mlango wa muuru, mbao nilizozikausha mwenyewe, viungo bila msumari hata mmoja. Nilipokuwa nikiutundika nilimsifia kazi yangu kwa kirefu, na nikamwambia kwamba huu ni bora kuliko ule aliolazimika kuutoa.

"Sikulazimika," alisema mama. Alikuwa anachambua kunde. "Nilikuwa na mbao za kitanda. Zilitoka nyumba ile ile, kwenye moshi ule ule."

Nilishusha bisibisi. "Kwa nini basi hukunipa kitanda?"

"Mtoto alikuwa anatengeneza bunduki nyumbani kwangu," alisema. "Chifu aliruhusu kwa mdomo. Mdomo wa chifu huyo niliujua. Nikaona, mlango usiwepo. Watu waone. Wacheke, lakini waone."

Nilisimama pale na diploma yangu yote. Miaka hiyo yote nilikuwa nimesimulia, katika nchi mbili, jinsi mikono yangu ilivyonitoa Meru. Nilikuwa nimeamini alinikalisha mlangoni kwa ajili ya mwanga. Sikuwahi kujiuliza mwanamke mjane alilalaje nyuma ya gunia majuma yale, homgadi wakipita na tochi, ili mchana kijiji kizima kiweze kuniona.

Nilikaza skrubu ya mwisho. Mama alisimama, akajipangusa mikono, akaufungua mlango na kuufunga mara mbili akisikiliza bawaba. Kisha akaingia ndani, akaufunga, nikasikia komeo likiingia mahali pake.

Nilisubiri. Nikabisha.

"Nani?" aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mama."

"Wewe nani?"

"Mwenye diploma."

"Simjui huyo," alisema mama, na nilisikia kwamba anacheka. "Aje kesho, leo nimefunga."